Uaminifu Si Kunyamaza: Somo la Beki Wendie Renard

Tarehe 24 Februari 2023, Wendie Renard, beki wa kati na nahodha wa timu ya taifa ya wanawake ya Ufaransa, alitangaza kwamba hatacheza Kombe la Dunia. Mashindano yalikuwa yaanze tarehe 20 Julai mwaka ule, siku ambayo yeye angetimiza miaka 33. Hakuwa majeruhi. Hakuwa amestaafu soka, maana aliendelea kuichezea klabu yake ya Olympique Lyonnais. Alieleza kwamba anaipenda Ufaransa na kwamba yeye mwenyewe si mkamilifu, lakini hawezi tena kuunga mkono namna timu ilivyokuwa ikiendeshwa, na kwamba anapaswa kulinda afya yake ya akili.

Mtu akifanya jambo kama hili, maneno mawili hutujia haraka mdomoni: uasi na usaliti. Nahodha anaiachaje timu miezi mitano kabla ya Kombe la Dunia? Nadhani maneno hayo mawili hayamfai Renard, na sababu zake zinatugusa sisi tulio katika nyumba za malezi kuliko zinavyowagusa wapenzi wa soka. Hoja yangu ni hii: uaminifu na ukimya ni vitu viwili tofauti. Mtu aliyekaa mahali kwa muda mrefu na kuvumilia mengi anaweza kuifikia siku ambayo kusema “hapana” ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuwa mwaminifu.

Ili hoja isielee hewani, tuanze na maisha yake.

Kutoka Le Prêcheur hadi Lyon

Renard alizaliwa mwaka 1990 katika kisiwa cha Martinique, kwenye bahari ya Karibi. Kisheria kisiwa hicho ni sehemu ya Ufaransa, ingawa kiko karibu kilomita 7,000 kutoka Paris. Alikulia Le Prêcheur, mji mdogo wa pwani ulio karibu na mlima wa volkano wa Pelée, akiwa kitinda mimba kati ya mabinti wanne. Alipokuwa na umri wa miaka minane, baba yake alifariki kwa saratani ya mapafu.

Alipofika miaka 16 alivuka bahari kwenda kufanya majaribio katika kituo cha taifa cha Clairefontaine, mahali Ufaransa inapowalea vijana wake wenye vipaji. Hakuchaguliwa. Kwa msichana aliyetoka mbali kiasi kile, jibu hilo lingetosha kumrudisha nyumbani kwa mama yake. Badala yake alikwenda kujaribu tena katika mji wa Lyon, na kocha Farid Benstiti akampokea. Wapo ndugu zetu ambao mlango wa kwanza waliobisha katika safari ya wito ulifungwa, na leo ni mapadre wazuri. Wao wanaelewa hatua hiyo ina uzito gani.

Hiyo ilikuwa mwaka 2006. Karibu miaka ishirini baadaye alikuwa bado anaichezea klabu ile ile. Katika soka la leo, ambapo wachezaji huhama kama ndege wa msimu, jambo hilo peke yake lingetosha kuandikiwa makala. Akiwa Lyon alikuwamo katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa Ufaransa mara 14 mfululizo, kuanzia msimu wa 2006–07 hadi ule wa 2019–20. Alishinda Ligi ya Mabingwa ya Ulaya ya Wanawake mara nane: 2011, 2012, kisha mara tano mfululizo kuanzia 2016 hadi 2020, na tena 2022. Katika fainali ya 2011 jijini London, bao la kwanza dhidi ya Potsdam ya Ujerumani lilikuwa lake. Fainali zilizopotea nazo zipo: 2010, 2013 na 2024. Kwa urefu wake wa sentimita 187, kila kona iliyopigwa ilimkuta mbele ya lango la wapinzani akisubiri kupiga kichwa. Lakini kazi yake ya kila siku ilikuwa nyuma, mbele ya kipa wake, mahali ambapo mtu husifiwa kidogo na kulaumiwa sana.

Kazi ya beki na fadhila ya nguvu

Wanafunzi wa falsafa hukutana mapema na fundisho la Mtakatifu Tomaso wa Akwino juu ya fadhila ya nguvu. Anasema fadhila hiyo ina matendo mawili, kuiendea hatari na kuistahimili, kisha anauliza lipi ni kuu. Kijana yeyote angejibu upesi: kushambulia. Tomaso anajibu kinyume. Tendo kuu la nguvu ni kustahimili, na anatoa sababu tatu. Anayestahimili hupambana na kitu kinachoonekana kumzidi uwezo. Hatari yake iko mbele yake sasa hivi, wala si jambo la kesho. Na mapambano yake huchukua muda mrefu, ilhali shambulio linaweza kuwa la mara moja tu likaisha.

Sijui kama kuna maelezo mazuri zaidi ya kazi ya beki. Mshambuliaji anachagua saa ya kukimbia, beki hachagui. Mshambuliaji akikosa mara tisa na kufunga ya kumi, jioni ataimbwa. Beki akiokoa mara tisa na kuteleza ya kumi, jioni hiyo hiyo jina lake litakuwa midomoni mwa watu kwa sababu nyingine.

Kombe la Dunia la 2019 lilionyesha jambo hili wazi. Ufaransa ilikuwa mwenyeji. Katika mechi ya ufunguzi jijini Paris, tarehe 7 Juni, Renard aliifunga Korea Kusini mabao mawili kwa kichwa na Ufaransa ikashinda 4–0. Siku tano baadaye, mjini Nice, alijifunga bao dhidi ya Norway. Ufaransa ikashinda 2–1, lakini bao la Norway lilikuwa limetoka kwake. Katika mechi iliyofuata, dhidi ya Nigeria, alipewa penalti apige, mpira ukagonga mwamba. Mwamuzi akaamuru irudiwe kwa sababu kipa alikuwa ametoka kwenye mstari. Yeye yule aliyekosa akauweka mpira tena mahali pake na kufunga. Wapenzi wa Nigeria hawajaisahau penalti ile, nami siwalaumu. Kisha katika robo fainali Ufaransa ikatolewa na Marekani kwa mabao 2–1, na bao pekee la Ufaransa likawa la beki huyo huyo.

Ndani ya majuma matatu, mtu mmoja alishangiliwa, akajifunga, akakosa, akafunga, akashindwa. Katika mechi hizo zote hakujificha wala kukwepa mpira. Huko ndiko kustahimili anakokufundisha Tomaso.

Kuna jambo lililotangulia hayo, nalo ndilo muhimu zaidi kwa hoja yangu. Mwaka 2017 Ufaransa ilipata kocha mpya, Corinne Diacre, ambaye naye alipata kuwa beki wa timu ya taifa. Diacre alimvua Renard unahodha na kumpa mchezaji mwenzake, Amandine Henry. Kitambaa hicho hakikurudi kwake hadi 2021. Katika miaka hiyo minne Renard hakuiacha timu ya taifa. Yale mabao ya 2019 niliyoyataja, na ile penalti iliyorudiwa, vyote vilitoka kwa mchezaji aliyekuwa amevuliwa cheo na kocha aliyekuwa akimtumikia uwanjani.

Kwa hiyo anayemwita mwasi aanzie hapa. Mtu aliyenyang'anywa heshima yake akaendelea kucheza kwa miaka minne hakosi uvumilivu. Kama siku moja amesema imetosha, tunapaswa kuuliza kilichotokea kabla ya kumhukumu.

Siku aliyosema hapana

Tumtendee haki Diacre pia. Ni mwanamke aliyeaminiwa kuifundisha klabu ya wanaume ya Clermont katika ligi ya kulipwa ya Ufaransa, jambo lisilokuwa la kawaida hata kidogo mwaka 2014. Aliifikisha Ufaransa nusu fainali ya Kombe la Ulaya la 2022, mahali ambapo timu hiyo haikuwa imewahi kufika. Alipolaumiwa alijitetea hadharani. Mimi sikuwamo katika kambi yao, wala siandiki ili kumtia mtu hatiani.

Ninachoweza kusema ni yale yaliyotokea mbele ya wote. Siku ile ile ambayo Renard alitangaza uamuzi wake, washambuliaji wawili, Kadidiatou Diani na Marie-Antoinette Katoto, nao walisema hawatakuwamo. Tarehe 9 Machi, wiki mbili tu baadaye, shirikisho la soka la Ufaransa lilimwondoa Diacre, likieleza kwamba mpasuko kati yake na wachezaji ulikuwa umefikia mahali pasipo na marejeo. Mwisho wa mwezi huo akateuliwa Hervé Renard, ambaye hana undugu na beki wetu ingawa wanashiriki jina la ukoo. Kwetu Afrika mtu huyo hahitaji utambulisho, kwani ndiye aliyeipa Zambia Kombe la Afrika mwaka 2012 na Ivory Coast mwaka 2015. Wendie Renard akarudi kikosini, akiwa nahodha.

Mpasuko ule, kwa maneno ya shirikisho lenyewe, haukuwa umeanza asubuhi ya tarehe 24 Februari. Ulikuwapo. Aliyeutaja hakuuleta. Ndiyo maana namwona nahodha aliyesema kuwa karibu zaidi na wajibu wake kuliko ambavyo angekuwa kama angenyamaza, akapanda ndege kwenda Australia, na kucheza akiwa amekufa moyo huku akitabasamu kwenye picha za timu.

Turudi kwa Tomaso. Katika makala ile ile anajibu pingamizi la wanaodhani kustahimili ni kukaa tu bila kufanya kitu. Hapana, anasema, kustahimili ni tendo la roho inayoshikamana kwa nguvu zote na jambo jema. Maneno hayo yanabadilisha mambo. Kama kustahimili ni kushikamana na jema, basi lazima nijue jema ninaloshikamana nalo ni lipi. Ukimya unaolinda jema ni fadhila. Ukimya unaoliacha jema lioze, ili tu mimi nisipate matatizo, si uvumilivu tena. Kwa nje vinafanana, kwa ndani ni vitu viwili.

Pingamizi la kwanza: Je, Kristo hakutii mpaka kufa?

Najua jibu ambalo frateri yeyote mcha Mungu angenipa hapa. Angesema: timu ya mpira ni mkataba, Kanisa ni fumbo. Mchezaji anaweza kususa. Sisi tunamfuata aliyetii hata kufa msalabani.

Ni kweli, na naomba tumtazame huyo huyo. Katika bustani ya Getsemane, kabla hajakubali mapenzi ya Baba, Yesu alimwambia Baba waziwazi kile ambacho Yeye mwenyewe angependa. Utii wake ulipitia maneno. Usiku ule ule, mbele ya kuhani mkuu, mtumishi alipompiga kofi, hakunyamaza. Alimtaka aonyeshe alilosema vibaya, na kama hakusema vibaya, aeleze kwa nini anampiga. Baadaye mbele ya Herode alinyamaza kabisa. Bwana aliyekuwa mtii kuliko wote alijua saa ya kusema na saa ya kunyamaza. Hatuwezi kuchukua ukimya wake mbele ya Herode peke yake tukaufanya kanuni ya maisha, tukaliacha lile swali lake mbele ya kuhani mkuu.

Mapokeo ya Kanisa yanakwenda njia hiyo hiyo. Mtume Paulo anawasimulia Wagalatia jinsi alivyompinga Petro ana kwa ana kule Antiokia. Mtakatifu Katarina wa Siena, mwanamke asiye na cheo chochote, alimsihi Papa Gregori XI aondoke Avignon na kurudi Roma, na Papa akarudi mwaka 1377. Tomaso anapofundisha juu ya utii, anautaja utii usio na busara, ule unaotii hata katika mambo yasiyo halali, na hausifu. Sheria ya Kanisa katika kanuni ya 212 inawapa waamini haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao maoni yao juu ya mema ya Kanisa, kwa heshima na kwa kuzingatia elimu na nafasi ya kila mmoja. Hayo ni maneno ya Kanisa lenyewe wala hayakubuniwa na wanaharakati.

Pingamizi la pili: Kila mtu akisusa itakuwaje?

Hili ndilo pingamizi zito zaidi, na walezi wetu wana haki ya kuliuliza. Kama kila anayekerwa atasema dhamiri yake imemkataza, hakuna nyumba itakayosimama. Frateri akiambiwa afagie uwanja atasema analinda afya yake ya akili. Tunacheka, lakini hatari ipo.

Hapa Aristotle anatusaidia. Kwake fadhila haipo katika kufanya tendo tu. Ipo katika kulifanya wakati unaofaa, kwa sababu inayofaa na kwa namna inayofaa. Kwa mwanga huo naona alama tatu katika uamuzi wa Renard ambazo zinaweza kutusaidia kutofautisha kukataa kwa dhamiri na kukataa kwa kiburi.

Ya kwanza, alikuwa amestahimili. Timu ya taifa alianza kuichezea mwaka 2011. Alikataa mwaka 2023. Anayekataa juma la kwanza bado hajajua anachokikataa.

Ya pili, gharama ilikuwa yake. Alichokitoa ni Kombe la Dunia, kitu ambacho mchezaji wa miaka 33 hawezi kuwa na uhakika wa kukipata tena. Siku ile hakuna aliyekuwa amemwahidi kwamba kocha ataondolewa. Anayekataa ili apate cheo tumwogope. Anayekataa huku akipoteza tumsikilize kwanza.

Ya tatu, alitumia jina lake. Hakupenyeza maneno kupitia watu wengine, wala hakubandika karatasi usiku ukutani. Mtu anaweza kusema hapa kwamba Tomaso anafundisha mkubwa aonywe faraghani, na Renard alisema hadharani. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini nahodha wa timu ya taifa hawezi kutoweka kikosini bila nchi nzima kuuliza sababu, na kati ya kusema ukweli kwa heshima na kuzusha kisingizio cha goti, ukweli ni bora. Kwetu sisi ambao tuna mlezi wa kumbishia hodi, na baba wa kiroho anayekaa vyumba vichache kutoka kwetu, njia ya faragha ipo na ndiyo ya kwanza. Ukweli unaosemwa chumbani kwa mlezi unaponya kuliko ule unaosemwa jikoni asubuhi.

Kukataa hakukumletea kombe

Makala za aina hii hupenda kumalizika kwa ushindi. Renard hawezi kutupa huo. Ni kweli kwamba tarehe 29 Julai 2023, mjini Brisbane, Ufaransa ilipokuwa sare ya 1–1 na Brazili, kona ilipigwa na beki huyo akafunga kwa kichwa dakika ya 83. Ufaransa ikashinda 2–1. Lakini wiki mbili baadaye, katika mji ule ule, ilitolewa na Australia kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali. Mwaka 2024, katika Olimpiki zilizofanyika nyumbani kwao, ikatolewa tena robo fainali, na Brazili. Juni 2025 kocha mwingine, Laurent Bonadei, alipotaja kikosi cha Kombe la Ulaya, jina la Renard halikuwamo. Mataji manane ya Ulaya akiwa na klabu. Akiwa na nchi yake, hakuna kombe kubwa hata moja.

Naliona hili kuwa sehemu ya somo. Tukipima kukataa kwake kwa matokeo, tutasema kuna faida gani. Lakini hatupimi dhamiri kwa idadi ya makombe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes, uliiita dhamiri patakatifu pa mtu, mahali anapokuwa peke yake na Mungu. Anayetoka patakatifu hapo na uamuzi sahihi hakupewa ahadi kwamba mechi ijayo atashinda. Alichopata Renard ni kuweza kuirudia timu akiwa mzima, kuvaa kitambaa bila kujidanganya, na kushindwa pamoja na wenzake kama mtu huru.

Nasi katika malezi

Neno hilo, huru, ndilo linalonifanya niyaandike haya katika jarida la seminari. Kanuni ya 1026 ya Sheria ya Kanisa inadai kwamba anayepewa daraja takatifu awe na uhuru unaostahili. Siku ya upadrisho tutaweka mikono yetu katika mikono ya askofu na kuahidi heshima na utii. Ahadi hiyo ina maana kwa sababu inatolewa na mtu ambaye angeweza kusema hapana. Kama kwa miaka yote ya falsafa na teolojia nimejizoeza kusema ndiyo kwa sababu ya hofu tu, ni nani atakayekuwa anaahidi siku ile? Mwongozo wa malezi uliotolewa na Roma mwaka 2016 unasisitiza uwazi kati ya mlelewa na mlezi. Mtu anayenyamaza kwa hofu hamwonyeshi mlezi wake kitu cha kulea.

Tunajua jinsi inavyokuwa. Frateri asiyesema kitu huandikwa kuwa mtulivu. Anayeuliza huambiwa na wenzake, hata kabla ya mlezi kusema lolote, kwamba anajiharibia. Basi tunajifunza mapema kucheka pale mkubwa anapocheka. Usingizi ukikataa, au moyo ukiwa mzito kwa miezi, tunasema ni malaria au uchovu wa mitihani, kwa sababu afya ya akili tumeifanya kuwa aibu. Renard, mwenye mataji kuliko wachezaji karibu wote wa enzi yake, aliweza kuitaja kwa jina lake. Sioni kwa nini sisi tushindwe mbele ya baba wa kiroho.

Ninachokiogopa zaidi ni kinachofuata baada ya upadrisho. Aliyefundishwa kwamba utii ni kunyamaza, akipewa parokia atawataka waamini nao wanyamaze. Katekista mwenye miaka thelathini ya utumishi ataitwa mkaidi kwa sababu ameuliza juu ya michango. Mama mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo atajifunza kutikisa kichwa tu. Sista atakayesema mpango haufai ataonekana hana unyenyekevu. Halmashauri ya walei itakutana, itasali, itapitisha kila kitu na kutawanyika, na paroko ataamini ana umoja. Shirikisho la Ufaransa lilikuwa na timu iliyofika nusu fainali ya Ulaya, na mpasuko ulikuwa ndani yake.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa ndugu zangu mafrateri: tustahimili kwanza, tena kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani tunaweza, maana mengi yanayotukera katika nyumba ya malezi ni kufagia uwanja tu. Lakini lile ambalo baada ya sala na ushauri bado linabaki kuwa si sawa, tulipeleke kwa mlezi kwa jina letu wenyewe, mchana, kwa heshima, tukiwa tayari kubeba gharama yake, na kisha turudi kazini. Kwa walezi wetu, ambao wengi wao tayari wanafanya hivi: swali la mlelewa lisiandikwe kama kosa lake kabla halijajibiwa. Na anapoonekana mtulivu mno, aitwe aulizwe mambo yake yanakwendaje, halafu apewe muda wa kujibu.